Kamera ya Noel na Mafuta ya Mgando

Hayes, London
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Noel,

Ugonile. Habari za hapo Matema, habari za mama na magoti yake, habari za shemeji Blandina na watoto? Huku hatujambo, isipokuwa tumbo langu, ambalo siku hizi linafika mahali kabla yangu. Priscilla anakusalimu. Kila ninachomsomea kwa Kiswahili anakielewa, halafu anajibu Kiingereza, kwa hiyo nakutafsiria: anasema baba mdogo asiliwe na mamba.

Kamera yako imepatikana. Si mpya, nisikudanganye, ila haina hata mkwaruzo. Nimeichukua kwa mzee Chandrakant, mwenye duka la kamera karibu na stesheni ya Rayners Lane. Alizaliwa Mwanza yule, na Kiswahili chake kilifungashwa pamoja naye miaka ya sabini, hakijabadilika hata neno. Ananiita "ndugu mwananchi".

Sasa sikiliza. Kamera inakaa ndani ya kasha la plastiki nene, ndilo unalozamia nalo. Kasha linafungwa na mpira mwembamba wa mviringo, mafundi wanauita oringi, na huo mpira ndio unaozuia maji. Hakuna kingine. Chandrakant alinihubiria habari za mpira huo nusu saa nzima, mimi nimesimama na miguu yangu ya miaka hamsini na tatu. Mwishowe akanipa kichupa cha grisi ya kuupakia, kichupa chenyewe kama cha dawa ya macho ya paka. Nikajiambia mzee ananichezea. Nimekitia kwenye droo ya jikoni, na mpira nimeupaka mafuta ya mgando, ya kutosha, yale yale aliyokuwa akitupaka mama Jumapili mpaka tunang'aa kama sufuria za harusi. Umelainika, raha kuushika.

Anakuletea Placida, yule nesi wa Walthamstow, kwao Tukuyu. Nimeshatangaza kwenye kundi la ukoo la Whatsapp kwamba nyumba yetu imetoa mpiga picha wa chini ya ziwa. Usiniaibishe.

Kaka yako,
Lusekelo


Matema
2 Mei 2024

Kaka Lusekelo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anasahau. Blandina anasema ahsante, na watoto wanauliza kama tumbo lako linaweza kuletwa nalo kwenye ndege au linalipiwa tiketi.

Kamera nimeipata. Placida aliishika mapajani toka Dar mpaka hapa. Kaka, sijui niseme nini, nimeiweka juu ya kabati na kila nikipita naigusa.

Nikueleze kazi yenyewe. Mama Armelle, yule mtafiti Mbelgiji anayehesabu samaki wa ziwa, anataka mtu wa kuzamia mwamba uleule kila wiki, akae palepale, apige picha ileile, ili aone samaki gani wanabaki na gani wanapungua. Tuko wawili kwenye majaribio, mimi na Allan aliyekuwa hotelini, kila mtu na kamera yake, Juni mpaka Septemba. Mmoja wetu atapata mkataba wa miaka mitatu. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kupata kazi inayozidi msimu wa kokoa.

Jambo moja tu. Nilipofungua kasha nilisikia harufu ya mafuta. Mama Armelle anasema mpira wa namna hii una grisi yake, na mafuta mengine huuharibu. Sikumwambia wetu umepakwa nini. Je, kaka, niyafute?

Mdogo wako,
Noel


Hayes
6 Mei 2024

Noel,

Marahaba. Waambie hao watoto tumbo langu ni raia wa hapa, lina pasipoti yake.

Mama Armelle namheshimu sana, lakini yeye ni mtaalamu wa samaki, si wa mipira. Mimi huyu kazini kwetu, pale tunapofungasha vyakula vya ndege, kuna mashine ina mipira kumi na miwili, na nimekuwa nikiiona ikipakwa tangu Priscilla hajazaliwa. Sasa wewe, ambaye baiskeli ya baba uliipeleka ziwani ukasema ilijiendesha yenyewe, unataka kunifundisha mpira?

Usiyafute. Ukiona yanakauka, ongeza. Hilo si ombi, ni agizo la kaka mkubwa.

Nasubiri picha. Ya samaki anayefanana na mimi nitaitundika sebuleni.

Kaka yako,
Lusekelo


Matema
11 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu, tuko salama kwa afya.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mama Armelle alisema picha zangu zimetulia kuliko za Allan, kwa sababu mimi sina haraka. Niliongeza mafuta kila wiki kama ulivyosema.

Kuna samaki jike wa buluu kwenye mwamba wetu. Anawalea watoto mdomoni, wiki tatu hali kitu. Akiona pametulia anafungua mdomo, wanatoka kama punje za ulezi. Ukisogeza hata kidole anawarudisha wote ndani. Nilimsubiri siku nne. Siku ya tano akafungua. Nikabonyeza, na kwenye kioo sikuona samaki, niliona ukungu. Nikabonyeza tena. Halafu nikaona mstari wa maji ndani ya kasha, unapanda taratibu. Nilipanda juu haraka kuliko inavyoruhusiwa, na masikio bado yananiuma, lakini kamera ilikuwa imekwisha. Haiwaki.

Mama Armelle hakunikaripia. Ameniuliza jambo moja tu: ni kifaa kilichoharibika, au ni uzembe wa aliyekishika? Kama ni kifaa, mradi una kamera ya akiba, atanipa niendelee. Kama ni uzembe, hawezi kunikabidhi ya mradi. Ananisubiri mpaka mwisho wa Septemba.

Kaka, mikono niliikausha kila mara. Kasha nililifungia ndani, siyo ufukweni kwenye mchanga. Nimempa kamera Haifa, binti wa jirani yetu mwalimu, anarudi chuoni huko London. Mpelekee fundi wako aifungue aseme kilichotokea. Neno la fundi litatosha.

Mdogo wako,
Noel


Hayes
14 Julai 2024

Noel, Noel, Noel,

Marahaba. Pole na masikio.

Nimecheka kwanza, nikaudhika baadaye, nadhani ndiyo njia ya afya. Baiskeli ya baba: ziwani. Redio ya mjomba Francis: kwenye ndoo ya maziwa. Sasa kamera, ambayo kazi yake pekee duniani ni kuingia majini bila kulowa, nayo umeilowesha. Una kipaji, mdogo wangu. Nimewasimulia kwenye kundi la ukoo, wamecheka mpaka mjomba Francis akakupa jina: Zamisha. Hata mama alituma kicheko chake.

Najua ilivyokuwa. Ulifungua mikono ikiwa na maji, ukaona haya kusema. Si kitu. Haifa akifika nitaipeleka kwa Chandrakant, atatuambia.

Usikasirike. Utani tu.

Kaka yako,
Lusekelo


Matema
25 Agosti 2024

Kaka Lusekelo,

Shikamoo. Natumaini mzima, na Priscilla pia. Sisi tupo.

Haifa ameniandikia kwamba alikuletea kamera tarehe tatu mwezi huu, mkanywa chai. Basi nilikuwa nasubiri kusikia fundi amesema nini. Siku zimebaki chache. Allan anazamia peke yake sasa. Mimi nakaa kwenye mtumbwi juu yake, nimeshika kamba.

Watoto shuleni wameanza kuitwa watoto wa Zamisha. Sijui habari zilifikaje huko, nadhani kwa binamu. Si kitu, ni utani.

Nijibu, kaka. Hata neno moja: kifaa, au uzembe. Nitampa Mama Armelle hilo hilo utakaloniambia.

Mdogo wako,
Noel


Hayes
8 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa ukimya. Kazini wamepunguza watu na waliobaki tunafanya ya waliokwenda. Nimefungasha trei za kuku mpaka nikitazama ndege angani naona kuku tu.

Habari ya kamera: mzee Chandrakant ana foleni ndefu, na afya yake siyo ile. Hajaifungua vizuri. Mambo haya ya maji ni magumu kuyajua, yanaweza kuwa hiki, yanaweza kuwa kile. Usiharakishe kumjibu Mama Armelle. Watu wa utafiti wana subira, si ndiyo kazi yao?

Nyanya zangu za uani zimeiva mwaka huu, saba. Priscilla amezipiga picha. Msalimie mama.

Kaka yako,
Lusekelo


Matema
4 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima.

Mwisho wa mwezi Mama Armelle aliniita. Sikuwa na neno la fundi. Alisema, "Noel, niambie wewe mwenyewe, nitakuamini." Nikamwambia ni uzembe wangu, nilifungua kasha mikono ikiwa na maji. Aliniangalia sana. Akaandika.

Mkataba amepata Allan, na kamera ya mradi. Ni mtu mzuri, sina ubaya naye. Ameniomba niendelee kushika kamba.

Hongera kwa nyanya.

Mdogo wako,
Noel


Hayes
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Noel,

Ugonile. Habari za mama, habari za shemeji na watoto? Nimeandika mstari huu wa salamu mara nyingi mwezi huu, kisha nikafunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Kamera niliipeleka Rayners Lane tarehe kumi Agosti. Nilikudanganya kuhusu foleni. Duka lilikuwa tupu, na Chandrakant ni mzima kuliko mimi. Alifungua kasha mbele yangu, akautoa ule mpira, akaunusa. Ulikuwa umevimba, laini kama tambi iliyolala kwenye maji. Akauweka kwenye karatasi nyeupe ili niuone vizuri.

"Ndugu mwananchi," akasema, "nani amepaka hii?"

Nikasema, "Mdogo wangu."

Noel, hakuna aliyenilazimisha. Tulikuwa wawili tu dukani, mimi na mzee wa miaka themanini ambaye hatakuona maisha yake. Ningeweza kusema ni mimi, angenicheka, tungekunywa chai. Neno lilitoka lenyewe. Akasema nikwambie kwamba mafuta ya mgando yanaula mpira wa namna hii polepole, unatanuka mpaka hauzibi tena, na kwamba alishatoa grisi yake tangu mwanzo. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikitikia kosa la mwenzake.

Nilipofika nyumbani nilifungua droo ya jikoni. Kichupa kilikuwepo, chini ya karatasi za oda za vyakula, bado kimefungwa. Nikairudisha droo mahali pake. Hiyo ilikuwa wiki saba kabla ya siku yako na Mama Armelle, na barua yako ya kuomba neno moja ilikuwa haijaandikwa. Ilipokuja niliisoma kazini, nikiwa na kofia ya nywele na glovu za plastiki, nikasema nitajibu jioni. Unajua nilichojibu. Nyanya.

Sikusema kwa sababu nilishawachekesha watu. Ndiyo sababu yote, nimeitafuta nyingine sijaiona. Kila mtu alikuwa ameshakuita jina lile, na mimi ndiye niliyeanza. Ningewaambia nini? Priscilla ndiye aliyenikamata. Aliona kichupa akauliza, nikamweleza, akaniambia nikwambie tu, kana kwamba ni jambo la kumwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka.

Mpira niliuharibu mimi. Ulitaka kuyafuta mafuta nikakukataza. Nisamehe.

Kaka yako,
Lusekelo


Matema
1 Desemba 2024

Kaka Lusekelo,

Shikamoo. Mama hajambo, Blandina na watoto hawajambo. Mvua zimeanza, mito imechafua maji, hakuna anayezamia.

Barua yako nimeisoma. Sikustuka. Nilijua siku ileile nilipopanda juu na kasha limejaa. Niliunusa mpira kabla Chandrakant hajaunusa. Na barua zako zote ninazo, ya tarehe 14 Aprili uliyoandika kuhusu kichupa na droo, na ya tarehe 6 Mei uliyoandika ni agizo. Mama Armelle anasoma Kiswahili vizuri. Ningemwonyesha barua mbili tu, kamera ya akiba ingekuwa yangu siku hiyohiyo.

Ziko kwenye simu yangu, niliingia nazo kwake. Sikuzitoa. Sikutaka mgeni asome jinsi kaka yangu anavyozungumza na mimi. Nikasema kaka atasema mwenyewe, ndiyo maana nikaomba neno moja. Nilikupa nafasi ya kulisema taratibu, tuko wawili.

Sasa umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale uliowaambia. Juzi mezani mama alimkataza mwanangu asiniletee simu yake niichaji, akasema, "Usimpe baba yako, ataizamisha." Alisema kwa upendo kabisa. Hakuona kama amesema kitu.

Ulisema kwenye kundi. Kaseme kwenye kundi. Sihitaji kitu kingine kutoka London.

Mdogo wako,
Noel


Hayes
28 Desemba 2024

Mdogo wangu Noel,

Ugonile. Habari za mama, habari za shemeji, habari za watoto?

Nilichagua Krismasi kwa sababu nilijua wote wangekuwa kwenye simu. Unaujua ujumbe, uliuona, lakini nauandika tena hapa ili ukae pamoja na barua zako nyingine: "Ndugu zangu, kamera ya Noel niliiharibu mimi. Niliupaka mpira mafuta ya mgando, akataka kuyafuta nikamkataza, halafu nikamsingizia. Kazi ameikosa kwa sababu yangu. Jina lile lisitajwe tena."

Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba Francis, na alijibu kwa vicheko kumi na viwili, nimevihesabu. Halafu binamu akatuma picha ya kopo la mafuta ya mgando lililovishwa miwani ya kuzamia. Nikaandika kwamba si utani. Wakacheka zaidi. Mtu nimewachekesha miaka ishirini na mbili kutoka huku, kila harusi, kila msiba, watajuaje kwamba leo nimeacha? Shangazi akaandika kwamba kaka mkubwa ndivyo anavyotakiwa awe, anachukua kosa la mdogo wake siku ya Krismasi.

Kisha mama akatuma sauti. Nadhani uliisikia kabla ya kutoka. "Lusekelo mwanangu, Mungu akuzidishie. Unambebea mdogo wako hata aibu yake."

Na chini yake, maandishi madogo ya kijivu: Noel ametoka kwenye kundi.

Nilimpigia mama. Nikamweleza moja kwa moja, hatua kwa hatua, mpira, droo, Chandrakant. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenielewa, na kwamba kwa jinsi ninavyompenda mdogo wangu, hata baba angefurahi huko aliko. Mama Armelle nimemwandikia pia. Amejibu kwa adabu: Allan anafanya kazi vizuri, na mkataba umeshasainiwa.

Simu yako inaita haipokelewi. Sijui niwaambie kwa lugha gani. Ungenijibu, hata kwa kunitukana, ningekuomba unifundishe watu wanasemaje jambo likaaminika, maana wewe ulisema uongo mara moja tu, kwa Mama Armelle, ukaaminika palepale.

Kaka yako,
Lusekelo


Hayes
2 Machi 2025

Mdogo wangu Noel,

Ugonile. Habari za Matema, habari za shemeji na watoto? Huku hatujambo.

Mama alipiga jana. Bado ananishukuru.

Kaka yako,
Lusekelo